Muziki mpya upewe msimu wake chuoni

Huku Arusha na kwa jirani zetu wa Kilimanjaro, muziki mpya hautungwi kwa uchache. Kila usharika, kila parokia, hata vigango vidogo, utakuta mtu anayetunga. Jumamosi jioni mwalimu wa kwaya anaingia mazoezini na fotokopi, solfa imeandikwa kwa mkono, jina la mtunzi liko juu kulia, na wino wa masahihisho bado unaonekana pale alipohamisha besi. Anabonyeza kinanda kutoa do. Sauti ya kwanza wanapewa mstari wao, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, na kabla giza halijaingia wimbo ambao mwezi uliopita haukuwepo umeshasimama. Kesho yake unaimbwa mbele ya umati. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa watu wa huku hawana masikio ya muziki mpya wa kuandikwa, nambishia.

Ninachokitaka ni chuo kikuu kimoja hapa kwetu kiwe na kikundi kidogo cha wapigaji wa kile kinachoitwa klasiki ya kisasa, yaani muziki mpya unaoandikwa kwa nota kwa ajili ya vyombo kama fidla na piano, na kikundi hicho kipewe msimu mzima wa maonesho. Tarehe zote zitangazwe mwaka wa masomo unapoanza. Mpenzi wa mpira anajua ratiba ya ligi, anajua lini Simba na Yanga wanakutana, anajipanga. Msikilizaji wa muziki naye anahitaji kujipanga. Vyuoni kwetu muziki mara nyingi husubiri mahafali au ugeni wa kiongozi, na hapo zinapigwa nyimbo ambazo kila mtu anazijua tayari.

Pa kuanzia pako. Tumaini Makumira, pale Usa River kwenye barabara ya Moshi, wanafundisha muziki hadi shahada, na ngoma za kwetu zinafundishwa pamoja na nota za Kizungu. Na hatuhitaji okestra ya watu themanini. Mwaka 1912 mtunzi wa Austria, Arnold Schoenberg, alitoa kazi yake Pierrot lunaire yenye sauti moja ya kike na wapigaji watano tu, wanaobadilishana vyombo vinane: filimbi, klarineti, fidla, selo, piano na ndugu zao. Tangu hapo watunzi wengi wameandikia kikundi cha ukubwa huo, na ndiyo maana vyuo vya Ulaya na Marekani vinaweza kukimudu. Watu watano wanaenea kwenye Noah moja na vyombo vyao (piano ikiwa inawasubiri ukumbini).

Schoenberg huyohuyo ndiye aliyenishawishi kuhusu jambo la pili. Mwaka 1918, mjini Vienna, alianzisha chama cha kusikiliza muziki mpya. Kazi zilifanyiwa mazoezi mengi kabla ya kuoneshwa, zilirudiwa katika maonesho tofauti, na makofi yalipigwa marufuku. Makofi mimi nayataka, na Arusha vigelegele vitapigwa tu hata ukikataza. Lakini kurudia ni jambo la lazima. Muziki usio na kiitikio cha kushika, ambao mapigo yake hayakwambii lini utikise kichwa, huwezi kuuhukumu kwa kuusikia mara moja. Kazi ya dakika kumi ipigwe, mtunzi asimame aeleze kwa dakika tano alichokuwa anakitafuta, kisha ipigwe tena yote. Kisha irudi kwenye onesho linalofuata. Hata wimbo wa kwaya hauupendi Jumapili ya kwanza; unaupenda ya tatu, ukiwa jikoni unajikuta unauvumisha.

Hapa ndipo msimu unapolipa. Niruhusuni nikae kidogo kwenye mfano mmoja, maana ndio unaoninyima usingizi.

Wagogo wa Dodoma wana mfumo wa sauti ambao wataalamu kama Gerhard Kubik wameueleza vizuri. Mlio wowote mmoja, wa uzi au wa bomba, una sauti nyingine ndogondogo zilizojificha juu yake, moja juu ya nyingine kwa mpangilio wa asili. Wagogo wamechagua baadhi ya sauti hizo na kujengea juu yake uimbaji wao na milio ya ilimba, kile chombo cha vibao vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Mojawapo, ile ya saba, haipo kwenye piano kabisa: iko chini ya noti iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya semitoni, ambayo ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano. Ndiyo maana ukimweka mpiga ilimba karibu na kinanda cha umeme utasikia kama mmoja wao amekosea, na kwa bahati mbaya lawama humwangukia mwenye ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliyapeleka masikio hayo kwenye majukwaa ya dunia, na hakuna aliyemwambia airekebishe ilimba yake.

Mwaka 1975 Mfaransa Gérard Grisey alitunga Partiels. Alichukua noti moja nzito ya tromboni, E ya chini, ikachunguzwa kwa mashine ni sauti gani zimejificha ndani yake, halafu akazigawa kwa wapigaji wa kikundi, kila mmoja na kipande chake. Ukiisikiliza, ile tromboni inaguruma, kisha ukumbi mzima unafunguka taratibu kutoka ndani ya mngurumo huohuo. Kazi hiyo ilibadilisha utunzi wa Ulaya. Mimi nikiisikia nasikia Dodoma.

Sasa nani duniani ana nafasi nzuri kuliko sisi ya kuviweka viwili hivi kwenye onesho moja? Matromboni tunayo: bendi za matarumbeta za Kilutheri zinapiga kwenye harusi na misiba huku Kilimanjaro na Meru. Wapigaji wa ilimba na zeze wapo. Wanafunzi wanaosoma nota wapo. Jirani zetu wa Uganda walishapita njia hii. Justinian Tamusuza, aliyefundisha Makerere, alitunga kazi ya fidla mbili, viola na selo iliyorekodiwa na Kronos Quartet wa Marekani kwenye albamu yao ya mwaka 1992, Pieces of Africa. Walioipiga walikuwa Wamarekani. Natamani ya kwetu ipigwe kwanza Usa River.

Gharama zipo, na nyuzi za selo huwezi kuzipata duka la jirani, lakini hilo ni la kupangia bajeti. Kinachohitaji akili zaidi ni kalenda. Aprili iachwe: mvua ya masika juu ya bati inameza kila sauti laini, na muziki huu umejaa sauti laini. Desemba na Pasaka waimbaji wote wako makanisani. Novemba, mwishoni mwa Januari, Machi mwanzoni kabla Kwaresima haijakolea, na Juni kabla ya mitihani, hapo panafaa. Iwe Jumamosi saa tisa alasiri, ili aliyetoka Moshi au Arusha mjini apate usafiri wa kurudi, na kiingilio kisimzidi mwanafunzi.

Na watunzi walipwe. Hili nalisisitiza kwa sababu naona wanavyoishi: wimbo ukishavuma, fotokopi inazaa fotokopi, jina la juu kulia linakatwa na ukingo wa mashine, na baada ya miaka miwili unaimbwa Mwanza bila yeyote kujua ulitoka Marangu. Kila kazi ya msimu iwe na mkataba mdogo wa maandishi, jina kwenye tangazo, na nakala moja safi ibaki maktaba ya chuo.

Kazi ya kwanza kabisa ningempa mmoja wa walimu wetu wa kwaya, anayejua solfa tu na hajawahi kuandikia klarineti. Akutanishwe na wapigaji watano mwezi Agosti, wampigie kila chombo kuanzia noti ya chini hadi ya juu, aulize anachotaka. Aandike kwa solfa yake. Wanafunzi waihamishe kwenye nota, naye akae pembeni yao akiwa na kalamu, awakatalie pale wanapoilainisha.