Tim Noakes: profesa anapoufanya mwili wake kuwa ushahidi

Je, mwalimu wa sayansi ya mazoezi awe mwanamichezo mwenyewe, au ni heri akae kando na saa yake ya kupimia? Sijui mfano unaolijaribu swali hili zaidi kuliko Tim Noakes, daktari na profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyemaliza mara saba mbio za Comrades, zile za kilomita 90 hivi kati ya Durban na Pietermaritzburg.

Wanaohofia profesa mkimbiaji husema atatetea anachokipenda. Mwanzo wa kazi yake unawakanusha. Miaka ya 1970 daktari wa Marekani, Thomas Bassler, alieneza madai matamu kwamba anayemaliza marathoni amekingwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mkimbiaji gani asingependa kuamini hivyo? Mwaka 1979 Noakes na wenzake, akiwemo mlezi wake wa kitaaluma Lionel Opie, walichapisha uchunguzi wa maiti za wakimbiaji wa marathoni ambao mishipa yao ya moyo ilikuwa imegandamana mafuta. Mpenzi wa mbio ndiye aliyewaharibia wapenzi wenzake starehe.

Likafuata suala la maji, na hapa ndipo miguu yake ilipomsaidia kweli. Mwaka 1981 mwanamke mmoja alizidiwa katika Comrades, na haikuwa kwa kiu: alikuwa amekunywa kupita kiasi hadi sodiamu, yaani chumvi, ikashuka katika damu. Noakes alitoka katika kizazi kilichokimbia masafa marefu kwa mafunda machache tu ya maji, kwa hiyo hakukubali kirahisi kwamba kila anayeanguka barabarani amekaukiwa. Mwaka 1985 aliandika juu ya wanamichezo wanne wa namna hiyo. Lakini hakuishia kwenye hisia. Katika Comrades ya 1988 timu yake iliwafuatilia wagonjwa wanane, ikapima mkojo wao hadi walipopona, ikathibitisha kwamba miili yao ilikuwa imebeba maji ya ziada.

Dunia haikusikia mapema. Mwaka 1996 chama cha Marekani cha tiba ya michezo kilikuwa bado kinawashauri wanamichezo wanywe kufidia jasho lote, au kadiri tumbo linavyoweza kustahimili. Katika Boston Marathon ya 2002 mkimbiaji mmoja alifariki kwa hali hiyo, na kati ya 488 waliopimwa damu siku ile, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini. Mwongozo mpya wa 2007 ukaonya dhidi ya kunywa kupita kiasi. Kwa hili peke yake Noakes anastahili heshima, na wanaomtaja siku hizi kama mzee wa nyama na siagi tu, kwa sababu ya lishe ya kuacha wanga aliyoihubiri baadaye, wanamwonea.

Nadharia yake kwamba ubongo ndio unaofunga breki kabla misuli haijaishiwa nguvu pia ina harufu ya barabara. Aliyekimbia anajua kwamba mtu aliyekuwa akijikokota hupata mbio za ghafla akiuona mstari wa kumalizia. Wanasayansi bado wanaivutana nadharia hiyo, nami nitaiacha hapo.

Mambo yaligeuka mwaka 2010. Noakes, ambaye baba yake aliugua kisukari, aligundua kwamba naye ana kisukari cha aina ya pili licha ya miaka yote ile ya kukimbia. Akaacha wanga, akapungua uzito, akapata nafuu, kisha akawaambia wasomaji wachane sura ya lishe katika kitabu chake mwenyewe cha mbio. Ujasiri wa kujikana hadharani ni adimu vyuoni. Tatizo langu ni mpangilio: kwenye maji alishuku kwanza, akapima, ndipo akatangaza. Kwenye wanga tangazo lilitangulia, na mwili mmoja, wake, ukapewa uzito wa miili elfu.

Agosti 2014 wakuu wa kitivo cha afya cha chuo chake waliandika barua gazetini kujitenga naye. Mmoja wa waliotia saini alikuwa Opie yuleyule wa 1979. Mwaka huohuo ujumbe wake wa Twitter, ulioshauri lishe ya wanga kidogo kwa mama aliyeuliza kuhusu chakula cha mtoto mchanga, ulimfikisha mbele ya baraza la taaluma za afya la Afrika Kusini. Aprili 2017 aliachiwa: jopo halikuona uhusiano wa daktari na mgonjwa, wala halikuridhika kwamba ushauri ule ulikuwa wa hatari. Rufaa ilitupwa 2018. Binafsi naona kesi ile haikupaswa kufika kule. Mabishano ya lishe hujibiwa kwa utafiti.

Na utafiti umempa haki nusu. Mwaka 2019 chama cha kisukari cha Marekani kilikiri kwamba kupunguza wanga kuna ushahidi mkubwa katika kushusha sukari ya wagonjwa. Ila kwa wakimbiaji hadithi ni nyingine, na imeandikwa Kenya. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972 aliyekuja kuwa profesa wa sayansi ya mazoezi Chuo Kikuu cha Kenyatta, naye aliwahi kuwa mwili wa kupigiwa mfano. Lakini katika utafiti wa 2004 alioshiriki na Vincent Onywera na wengine, hawakuuliza Boit alikula nini alipokuwa kijana. Walipima chakula cha wakimbiaji kumi wa kiwango cha juu, wakakuta karibu asilimia 76 ya nishati yao inatokana na wanga, ugali ukiwa katikati ya sahani.

Mgonjwa wa kisukari ana sababu ya kuichana ile sura ya lishe. Kijana wa Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini, sijaona ushahidi wa kumwambia afanye hivyo.