Kilele cha bei hujulikana kwa kuchelewa

Mpe treda (mfanyabiashara wa masoko ya fedha) anayeanza chati ya bei ya mwezi uliopita, atakuonyesha vilele na mabonde yote bila kusita. Mpe chati ileile huku mshumaa wa mwisho, yaani alama ya mwendo wa bei katika kipindi kimoja, bado unacheza, uone kidole kinavyotangatanga. Ajabu ni kwamba masomo mengi ya uchambuzi hufundishwa kwa chati ya kwanza tu.

Kanuni maarufu ni ile ya mishumaa mitano ambayo Bill Williams, treda na mwandishi wa vitabu vya uchambuzi, aliiita fraktali: ncha ya juu ya mshumaa wa katikati iwe juu kuliko za miwili ya kushoto na miwili ya kulia. Bonde ni kinyume chake. Hiyo miwili ya kulia ndiyo yenye maneno. Hakuna kilele mpaka ifunge yote miwili: kwenye chati ya saa 4 ni kusubiri saa 8, kwenye chati ya siku ni siku 2 za soko, na bei huenda imeshakwenda zake. Wengi huuona ucheleweshaji huo kuwa ubovu wa kanuni. Mimi sioni hivyo. Anayetaka kuwahi anabashiri, na ana haki ya kubashiri, ila asituambie ameona kilele.

Ndiyo maana sikiamini kiashiria cha ZigZag, kinachounganisha vilele na mabonde kwa mistari, katika kupima mbinu kwa bei zilizopita. Mstari wake wa mwisho huhamahama. Bei ikipanda zaidi, kilele cha jana hufutwa na kuchorwa upya juu zaidi. Ukitazama historia, kila ncha imeguswa barabara, kana kwamba ungeuza palepale. Usingeuza.

Kuhesabu mishumaa peke yake nako hakutoshi. Kwenye chati ya dakika 1, mitano itakumwagia vilele hata soko likiwa limelala. Hapo naongeza sharti la umbali: bei iwe imerudi angalau ATR moja (wastani wa upana wa mwendo wa bei kwa mshumaa) kutoka kwenye ncha. Kipimo hicho cha J. Welles Wilder, cha 1978, hupanuka soko likichafuka na kusinyaa likitulia, jambo ambalo umbali usiobadilika wa pipsi 20 (pipsi ni kipimo kidogo cha bei ya sarafu) hauwezi.

Utambi, ule mstari mwembamba unaoishia kwenye bei ya juu au ya chini kabisa ya mshumaa, au bei ya kufunga? Alama naiweka kwenye ncha ya utambi, maana bei ilifika pale kweli, na stoplosi (oda za kukata hasara) nyingi hujipanga karibu na hapo. Lakini kusema kilele kimevunjwa, nasubiri mshumaa ufunge juu yake. Wanaotumia bei za kufunga pande zote sina ugomvi nao, mradi wasibadilishe njiani.

Na kubadilisha njiani kupo sana. Trendi ya kupanda ni vilele na mabonde yanayopanda, basi. Ongeza mishumaa kutoka 5 hadi 9 na bonde lililovunjwa linatoweka kwenye hesabu, trendi inafufuka. Treda aliyenunua na sasa yuko kwenye hasara hugundua mipangilio hiyo haraka ajabu. Muulize tu asubuhi, kabla hajafungua oda, alikuwa ameweka mishumaa mingapi.