Pole Bila Hongera

Mwezi wa Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika usiku na maji kuingia katika nyumba za mabati zilizo kandokando yake, jirani yangu mmoja anayeuza mboga barabarani alipoteza karibu kila alichokuwa nacho: meza yake ya mbao, magodoro, magunia mawili ya viazi na sare za shule za wanawe. Alichookoa ni daftari la madeni, ambamo huandika majina ya wateja wanaochukua sukuma wiki na nyanya kwa mkopo wakingoja mwisho wa mwezi. Siku ya tatu, jua lilipotoka, nilimkuta ameliachanisha daftari lile karatasi moja moja, anazianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nikampa pole, kisha, kwa nia njema kabisa, nikaongeza kwamba alikuwa ametuonyesha ujasiri mkubwa na kwamba alistahili hongera. Alinyamaza akibana karatasi nyingine, ndipo akasema, "Mwalimu, pole yako nimeipokea. Hiyo hongera ni ya nini?"

Mimi hufundisha fasihi ya Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Nairobi, na swali lile limenifuata darasani tangu siku hiyo. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne wanajua mapema kwamba riwaya yoyote yenye taabu ndani yake inaweza kuzaa swali kuhusu ustahimilivu, na wanajua pia namna ya kulijibu: wamtaje mhusika, wataje tukio, kisha wafunge hoja kwa kusema kwamba mhusika huyu ni mvumilivu. Kwa miaka mingi niliweka alama ya vyema kando ya sentensi hiyo bila kujiuliza inasema nini hasa. Msichana aliyenusurika moto ni mvumilivu, mjane aliyenyang'anywa shamba ni mvumilivu, mfungwa aliyepigwa hadi akapoteza fahamu naye ni mvumilivu. Wote wanatiwa katika kapu moja, wanasifiwa, na aliyewasha moto, aliyenyang'anya na aliyepiga hawaulizwi neno. Lugha yetu imetupa methali za kutosha za kuifunika hoja ya namna hiyo, kuanzia subira huvuta heri hadi mvumilivu hula mbivu. Sizikatai methali hizo, kwa kuwa nimewaona watu wakizishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Hata hivyo, methali husemwa na mtu fulani kwa mtu fulani, na ikitoka kinywani mwa aliyeshiba kumwendea mwenye njaa, inakuwa amri ya kunyamaza.

Nimefikia kuamini kwamba fasihi humtendea haki mtu aliyeumia pale inapoonyesha mikono yake ilifanya nini, jambo hilo lilimgharimu nini, na jeraha lake lilitoka kwa nani. Ikimsifu tu kwa sababu hakufa, inamwibia kitu ambacho hata mafuriko hayakuweza kukichukua, nacho ni ukweli wa mambo yaliyompata.

Wazee wetu wa pwani walilifahamu jambo hili kabla ya mitihani. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhamadi Kijumwa alikiandika kwa utenzi mwaka 1913 ingawa chenyewe ni cha kale zaidi, shujaa amefungwa gerezani kwa amri ya mfalme wa Pate, na mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Walinzi hukila kile kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anatunga wimbo, anamwimbia kijakazi mbele ya walinzi wenyewe, na ndani ya wimbo huo yamo maagizo kwa mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa ya kukatia chuma. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, wanauacha umfikie mfungwa, na tupa inafika pamoja nao. Kisha anaomba achezewe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, watu wanakusanyika na pembe na matoazi, na katikati ya kelele za ngoma yeye anakata minyororo bila mtu kuisikia sauti ya chuma.

Huwa nawaomba wanafunzi wangu wakae kwenye kisa hiki muda mrefu kuliko mtaala unavyotaka. Hakuna mahali tunapoambiwa Liyongo alivumilia na kwa hiyo akapata mbivu. Tunachoonyeshwa ni kazi: mama anayepepeta unga, kijakazi anayepita mbele ya watu wenye silaha akiwa amebeba siri asiyoweza kuikana ikigunduliwa, mshairi anayejua kwamba wimbo unaweza kubeba ujumbe na pia kufunika mlio wa tupa. Wokovu wake umeshikwa na mikono mitatu, na miwili kati ya hiyo ni ya wanawake ambao majibu ya mtihani huwataja kwa nadra. Wala kisa hakidanganyi kuhusu mwisho. Liyongo anatoroka, lakini baadaye anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, anafia karibu na kisima akiwa amepiga goti na mshale umo katika uta, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa kuwa hawajui kama amekufa. Anayeitwa aje kumtuliza ni mama yule yule wa mkate. Kila ninapofika hapo hunibidi kunyamaza kidogo mbele ya darasa. Msimulizi angeweza kuishia kwenye minyororo iliyokatika, nasi tungefurahi na kwenda zetu, lakini aliona kwamba ana deni kwa mama huyo, akamrudisha hadi kisimani.

Karne nyingi baadaye, gereza likawa karibu nasi zaidi. Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliposhtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya karatasi aliyoiandika akiuliza *Kenya: Twendapi?*, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, sehemu ya kifungo hicho akiitumikia peke yake ndani ya chumba katika Gereza la Kamiti, kaskazini mwa jiji hili. Mashairi aliyoyatunga humo, mengine akiyaandika kwenye karatasi za msalani, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Tazama jina lenyewe. Hakuiita sauti ya ushindi wala sauti ya subira. Aliipa dhiki sauti, na sauti hiyo ilikuwa na mizani, vina na lahaja ya Kimvita ya nyumbani kwao. Katika shairi la "Siwati", yaani siachi, hatusikii mtu akijisifu kwamba ana moyo mgumu. Tunasikia mtu akieleza ni jambo gani hasa ambalo hataliacha na kwa sababu gani, hata kama kulisema ndiko kulikomfikisha alipo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo tofauti kati ya uvumilivu na msimamo: wa kwanza unaweza kusifiwa hata na askari jela, wa pili hauwezi.

Mwaka uliofuata, diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Na mwaka 1978 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za aina ile ile. Sitaki karatasi hizo zigeuzwe kuwa hadithi ya kupendeza kuhusu waandishi wasioshindwa. Mtu anayelazimika kuandika kwenye karatasi ya msalani amenyimwa daftari, na kuna aliyemnyima.

Mwaka huo huo wa *Sauti ya Dhiki* ilitoka pia riwaya ya Kiingereza ya Meja Mwangi, *Kill Me Quick*, kuhusu vijana wawili, Meja na Maina, wanaokuja Nairobi na vyeti vyao vya shule kutafuta kazi na kuishia kula kutoka kwenye mapipa ya taka, kisha gerezani. Hawainuki. Mwanafunzi mmoja aliyeisoma aliniuliza kama kitabu hicho hakina maudhui ya ustahimilivu, na nilimjibu kwamba pengine ndiyo sababu kingali kinasomeka: vijana wale walistahimili sana, na mji haukuwalipa.

Nije sasa kwenye riwaya ambayo wanafunzi wangu waliisoma kwa miaka kadhaa kama kitabu teule, *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014. Wasomaji wengi wa Kenya wanaona ndani yake kivuli cha ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu elfu moja na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Naiheshimu riwaya hii, na nina ugomvi nayo. Kurasa zake zilizo bora, kwa maoni yangu, ni zile za kambi katika Msitu wa Mamba, ambako Ridhaa, daktari aliyekuwa na jumba na familia, anajikuta sawa na kila mtu aliyekimbia, bila mke, bila watoto waliokuwa nyumbani, bila nyumba. Mwandishi haogopi kuandika kuhusu choo, foleni na njaa, mambo madogo yanayomvunja mtu haraka kuliko hotuba. Pia anathubutu kusema kwamba moto uliwashwa na jirani, mtu aliyejulikana kwa jina, na hapo msomaji wa Nairobi hukumbuka mlango wa pili kutoka kwake.

Ugomvi wangu uko kwenye namna ndugu watatu waliotenganishwa, Umu na wadogo zake, wanavyokutana tena kwa sadfa. Najua sadfa ni mbinu ya kale, na najua darasa zima hupumua kwa furaha linapofika hapo. Lakini mtoto aliyepotea katika machafuko hupatikana kwa sababu kuna mtu aliyeandika jina lake kwenye orodha, aliyepiga simu, aliyepanda matatu tatu kwenda kituo cha watoto na kurudi bila jibu, akaenda tena wiki iliyofuata. Sadfa inaifuta kazi hiyo yote. Ningependa kuiona kazi ya kutafuta, kama ninavyouona unga wa wishwa ukipepetwa. Riwaya yenyewe inaonyesha kwamba ingeliweza hilo, kwa sababu Mwangeka, mwana wa Ridhaa, na mkewe Apondi wanapomchukua Umu na kumlea kama binti yao, tunaona uamuzi wa watu wazima wenye majeraha yao wenyewe, na hakuna bahati iliyowaamulia.

Lipo pingamizi ambalo siwezi kulipita. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, anayeishi na nyanyake na ambaye hufika shuleni kwa miguu, aliniambia baada ya kipindi, "Mwalimu, maisha magumu nayajua. Mimi nataka kusoma mtu akifika." Sikuwa na jibu zuri siku hiyo, na sitajifanya kuwa nalo sasa. Ana haki ya kupata kitabu ambacho mtoto anafika. Ninachoomba kwa ajili yake ni kwamba kitabu hicho kimwonyeshe njia yenyewe, mahali palipo na daraja na mahali ambapo lilisombwa, ili asije akadhani kwamba yeye hajafika kwa sababu hakuvumilia vya kutosha. Nilimsomea beti chache za Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Anasema maradhi yamemshika hata yametimia mwaka, na anamtaka binti asogee na kuleta wino na karatasi. Mwaka mmoja wa maumivu unatajwa kwa mistari michache, bila kujililia na bila kujipongeza, kisha kazi inaanza. Msichana aliniuliza kama mama huyo alipona. Nikamwambia kwamba hakupona, ila alimaliza kuandika.

Karatasi za jirani yangu zilikauka kwa siku mbili, lakini wino wa nyingi ulikuwa umeenea hadi majina yakawa madoa ya buluu. Aliniomba nimnunulie daftari jipya na nimwandikie, kwa kuwa macho yake hayamsaidii jioni, naye angenitajia kwa kumbukumbu. Tuliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa nje ya chumba alichokuwa amehifadhiwa na dada yake, yeye akitaja jina na kiasi, mimi nikiandika. Alimtaja mama aliyekuwa amehamia kijijini na ambaye hatarudi. Nikauliza kama nimruke, akasema niandike. Aliponifikia mimi mwenyewe alisema shilingi 135, na nilipotaka kuandika 150, nikidhani ninamsaidia, aliweka kidole chake kwenye karatasi na kunitaka nifute.