Hita ya bafu imenishinda, semeni mnavyotaka

Kuna watu hapa Nakuru huoga maji baridi mwezi wa saba halafu wanatangazia kila mtu, eti yanaamsha damu. Damu yangu iacheni ilale. Huu mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ile baridi ya saa kumi na moja asubuhi ikikupata kwa bafu ya simiti unaanza kuungama dhambi hata za wenyewe. Mi nataka maji moto, hiyo tu, na ndio maana tangu nihamie hii ploti nina vita na hita ya shawa, ile ya kichwa cheupe cha plastiki, imening'inia hapo juu na waya zake.

Kwanza hicho kidude hakiwaki bila presha. Ndani kuna kampira, maji yakija na nguvu yanakasukuma ndio stima inashika, yakija legelege hakuna kitu. Sasa tenki yetu imewekwa juu tu kidogo ya paa, presha itatoka wapi? Ukifungua koki kidogo hita haisikii, ukifungua sana inawaka lakini maji yanapita mbio hata hayajapata moto, kwa hivyo unaoga mkono mmoja uko kwa koki unatafuta pale katikati, unasongesha polepole, unasikia "tk", taa ya sebuleni inafifia, mama watoto anauliza kwa sauti kama umewasha (si ameona taa?), sabuni imeshaingia macho, na ukishapapata tu pale katikati jirani wa chini anafungua maji aoshe masufuria. Basi, umerudi kwa barafu.

Halafu maji yenyewe ni ya kisima cha kuchimbwa na mashine, yana chumvi. Elementi ya hizi hita za bei rahisi ni waya umesokotwa ukawa springi, umekaa uchi ndani ya maji, chumvi inaula taratibu mpaka unakatika. Na maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri kuliko yale mengine, ndio maana ukigusa koki unasikia kitu kinakutekenya kidole. Hadiwea wanauza hita za maji ya chumvi, zile elementi imefunikwa, zimepita hizi zingine bei kidogo. Landilodi alinunua gani? Haya, mmejibu wenyewe.

Tuje kwa fundi. Fundi akisema "niko hapa tu steji mkubwa" jua bado yuko kitandani. Akifika anafungua kile kichwa, ndani kumejaa mchanga na unga mweupe, matundu nusu yameziba, elementi imekuwa nyeusi imekatika katikati. Anaipuliza. Elementi imekatika vipande viwili, wewe unaipuliza ili? Anaweka mpya, anawasha meinswichi kabla hajajaza kile kichwa maji, akifungua koki tu, puu, hiyo nayo imekwenda hata tone halijaanguka. "Hiyo ilikuwa feki mkubwa, tuma mia tano ingine." Yaani nimetuma pesa kwa huyu jamaa kuliko nilivyotuma kwa mama yangu, na sijahesabu tokeni, kwa sababu hita ya wati 5,500 dakika 10 tu imekula karibu yuniti nzima.

Na waya je? Wati hizo ni kama ampia 23, zinataka waya mnene wa peke yake kutoka kwa meinswichi. Kwetu ziko kwa waya wa taa, ukishika ukuta unasikia joto. Ule wa kijani na njano wa kushuka ardhini umekunjwa vizuri ukafungwa tepu, haujaenda mahali popote. Nikauliza kazi yake ni gani, fundi akasema huo ni wa urembo.

Sasa nina shemeji Uingereza. Huko wana boila ya gesi, imekaa jikoni kama kabati, inapasha nyumba yote moto pamoja na maji ya kuoga, na ikitunzwa inamaliza miaka 10 hadi 15. Fundi wake lazima awe kwa rejista inaitwa Gas Safe, anatembea na kadi, na kama umepanga, sheria inalazimisha landilodi amlete akague kila mwaka halafu wewe mpangaji upewe karatasi. Landilodi akupe karatasi! Mi karatasi ya landilodi ninayoijua ni ya kuongeza kodi. Na bado shemeji analia, eti radieta zimepoa upande wa juu, ilibidi azitoe hewa na kifunguo fulani kadogo. Nikamwambia shemeji, wewe unasumbuliwa na hewa, mimi napigwa na shoti nikiwa uchi.

Basi nikamwandikia mzee wa ploti kwa heshima zote, hita ikaguliwe hata mara moja kwa mwaka, matundu yaoshwe na siki, waya ubadilishwe. Akajibu "sawa kijana." Jioni keateka akabandika kibao kwa geti: NYUMBA IKO, MAJI MOTO SAA 24.

Fundi alivyorudi nikamuuliza, na wewe kwako umefunga hita gani?

"Kwangu? Bibi huchemsha na makaa mkubwa. Hizi vitu zinasumbua sana."