Nimefundisha Mkono Wangu Kutaga Mayai

Nilichagua tableti ya kuchorea (ile bapa isiyo na skrini: unachora juu yake kwa kalamu, mchoro unatokea kwenye kompyuta) kwa uangalifu wa mtu anayetafuta mchumba. Wiki nzima sikulala, nalinganisha tu. Hii ina ngazi 2048 za mgandamizo wa kalamu, ile 8192. Nikachukua ya 8192, utadhani vidole vyangu vinajua kuhesabu hadi huko. (Mpaka leo ninazozitumia ni mbili: kugusa na kukandamiza.) Ukubwa nao nikachukua ule wa mwisho kabisa. Ilipofika ikajaa meza nzima, kibodi ikahamia mapajani.

Saa ya kwanza iliishia kwenye kutafuta betri ya kalamu. Nikaizungusha, nikaivuta, nikaing'ata. Kumbe haina betri. Nguvu zake inazipata kutoka kwenye tableti yenyewe.

Basi nikachora duara. Likatoka pana, limebonyea kama lililokaliwa. La pili, vilevile. Nikasema ni ugeni wa mkono, nikaingia kwenye kazi ya watu: kusafisha picha ya bibi harusi. Nikalenga kipele cha shavuni, kalamu ikachomoka kwenda pembeni, nikafuta tundu la pua. Nikalirudisha. Nikajaribu tena, likaenda la pili.

Mimi si mtu wa kukata tamaa, na hilo ndilo lililoniponza. Niligundua kwamba nikichora yai lililosimama wima, kwenye skrini linatokea duara safi. Siku tatu nikachora mayai. Asubuhi mayai, usiku mayai, mpaka mkono ukayajua bila kuniuliza.

Siku ya nne akapita dada yangu, ambaye hata mstari ulionyooka humshinda. Akasimama nyuma yangu kidogo.

"Kaka, si una skrini mbili? Tableti umeitandaza kwenye zote, ndiyo maana kila kitu kinavutika kwa upana."

Akafungua mipangilio, akachagua skrini moja, akaweka alama kwenye kulinda uwiano wa pande, akaenda zake. Hata kukaa hakukaa.

Nikachora duara kwa furaha. Likatoka yai.

Jioni mwanawe akaniletea karatasi na kalamu za rangi, nimchoree jua. Nikalichora kwa moyo wote, na miale yake pande zote. Akaligeuza huku na huku.

"Mjomba," akasema, "mbona hili yai lina nywele?"