Zermatt: usikimbilie juu kabisa siku ya kwanza

Kila baridi ikianza huku Uswisi meseji zinaanza kuingia kwenye magrupu ya Waswahili wa Ulaya, mtu kapata likizo, kajichanga, anataka kwenda Zermatt, kijiji cha milimani, kujaribu ski, yaani kuteleza kwenye theluji, na swali la kwanza karibu kila mtu ni lile lile: lifti ya kupanda mlima hadi juu kabisa ni ipi? Mi nasema achana nayo kwanza. Siku mbili za mwanzo kaa chini ya hapo, zijue lifti, zijue njia za kutelezea, halafu ndo upande.

Juu kabisa ni Klein Matterhorn, mita 3,883, ndo stesheni ya kebo, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, iliyo juu kuliko zote Ulaya. Kijiji chenyewe kiko kwenye mita 1,620 hivi. Sasa wewe uliyetoka Moshi hebu piga hesabu, kambi ya Horombo pale Kilimanjaro iko mita 3,720, na anayepanda kwa njia ya Marangu analala Mandara kwanza, Horombo anafika siku ya pili, na wengi wanaongeza siku nzima hapo hapo mwili uzoee, na njia nzima waongozaji wanamwambia pole pole. Zermatt unakunywa chai kijijini na ikifika saa nne asubuhi ushaipita Horombo na hujatoa hata jasho! Mwili haujui kwamba umepanda umekaa. Ukitoka kwenye kebo unatembea kwenye handaki lililochimbwa ndani ya mwamba, unatokea upande wa pili kwenye mwanga mkali na baridi inayouma pua, unainama kufunga buti, na buti za ski ni ngumu hasa zinataka nguvu, ukiinuka kichwa kinazunguka na moyo unadunda. Halafu mtu wa hali hiyo ndo anataka kujifunza kuteleza, kwa nini?

Anza Sunnegga. Kuna treni ya kamba inayopita chini ya ardhi, iko tangu 1980, dakika chache tu uko mita 2,288, na pale pembeni kwenye kiziwa cha Leisee kuna uwanja wa wanaoanza wenye mkanda unaotembea, unasimama juu yake na ski zako unapelekwa juu taratibu, watoto wa miaka minne na watu wazima wote wamo humo na hakuna anayemwangalia mwenzake. Hapo ndo pa kuangukia.

Ukishajua kusimama, jifunze lifti, na hili watu hawalichukulii uzito kabisa. Kwa nilivyoona mimi wageni wengi wanaoanguka wanaangukia kwenye lifti, sio kwenye njia. Lifti ya viti ya kisasa inapofika stesheni kiti kinaachia kebo kwa muda, kwa hiyo kinakuja polepole, wewe fimbo zote mkono mmoja, begi kifuani, geuza shingo ukione kinakuja, kaa, shusha chuma cha kukukinga usianguke, na ncha za ski ziwe juu unapofika. Ile ya kukokota, yenye chuma kama herufi T iliyopinduliwa, ni kinyume, hiyo HUIKALII. Chuma kinakuja nyuma ya mapaja kinakusukuma, unasimama magoti yamelegea kidogo, ukijaribu kukaa tu umeenda chini wewe na mwenzako. Kule juu kwenye barafu ya kudumu bado zipo, sasa fikiria unakutana nayo mara ya kwanza kwenye mita elfu tatu na upepo juu.

Na rangi za njia uzisome kabla hujapanda, sio ukiwa umeshafika. Bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya wenye uzoefu. Zermatt kuna na za njano pia, hizo zimeangaliwa hatari ya maporomoko ya theluji lakini hazilainishwi na mashine, kwa hiyo mgeni asidanganyike na rangi yenyewe ilivyo ya kupendeza.

Wengine hoja yao ni kilomita. Tiketi ya kimataifa inaunganisha Zermatt na Cervinia ya Italia, kilomita 360 za njia, na mtu anataka apate thamani ya hela yake, naelewa maana bei ya tiketi sio mchezo. Lakini kule Italia unarudi kwa lifti, na lifti za kurudi zinafungwa mchana, upepo ukizidi zinafungwa mapema zaidi. Ukichelewa ya mwisho umebaki ng'ambo ya mpaka, barabara ya kuzunguka milima ni saa kadhaa kwa gari au utafute pa kulala na buti zako miguuni. Kwa anayeanza kilomita kumi za bluu anazozijua zina raha kuliko mia anazopita kwa woga.

Hoja moja tu ndo naiheshimu, ile ya kwamba tuwahi barafu kabla haijaisha. Ni kweli na inauma. Barafu za kudumu za Uswisi zimepoteza asilimia 10 ya ujazo wake ndani ya miaka miwili tu, 2022 na 2023, na Julai 2022 Zermatt, ambako watu wanaski mwaka mzima, ilibidi wasimamishe ski ya kiangazi kwa sababu ya joto. Sisi tuliokulia tukiiangalia theluji ya Kibo ikipungua hatuhitaji kuhadithiwa. Kwa hiyo panda, lazima upande, ila siku ya tatu na asubuhi, umekunywa maji ya kutosha, umeangalia kwenye simu lifti zipi zimefunguliwa, na kichwa kikianza kuuma shuka, usibishane nacho.

Na asiyeski kabisa asibaki hotelini jamani. Treni ya Gornergrat iko tangu 1898, inapanda kwa gurudumu la meno linaloshika reli hadi mita 3,089 kwa dakika 33, wenye ski na wasio na ski wote humo humo, bibi anaweza kupanda, mtoto anaweza kupanda. Ukipanda kaa upande wa kulia, mlima wenyewe wa Matterhorn uko upande huo, na kama jua lipo shukia stesheni ya Riffelberg unaporudi, ukae nje uangalie wenzako wanavyoshuka kwenye bluu.