Eti maji yakifika baharini yamepotea? Tubishane kidogo sisi wa huku juu

Juzi kati nilikuwa Mabogini kwa shemeji, kule kwenye mashamba ya mpunga chini ya Moshi, kipindi kile ambacho maji yanakuwa ya kugombania na kila mtu anaijua zamu ya jirani yake kuliko anavyoijua siku ya kuzaliwa ya mwanae, tumekaa kwenye gogo karibu na mfereji tunasubiri maji ya saa kumi, mzee mmoja pale akaanza kulalamika kwamba wameitwa kikao wakaambiwa wapunguze kuchota ili mto uachiwe maji yashuke. Akauliza, "Yashuke yaende wapi? Si yanaenda kumwagika baharini? Hivi samaki wa baharini ameshawahi kukosa maji?"

Aisee tulicheka. Na mimi nilicheka kabisa, maana ukilisikiliza juu juu hilo swali halina jibu. Ila nimerudi mjini nikawa nalo kichwani siku mbili tatu, na kadri nilivyokuwa nalo ndo nikaona mzee kakosea sehemu moja na kapatia sehemu kama tatu hivi.

Tuanze na mto wenyewe, maana wengi wetu wa Moshi na Arusha tunaishi kama vile mito yetu inaishia bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye perege. Kikuletwa inakusanya maji ya Meru na ya upande wa kusini wa Kilimanjaro, humo humo na ile chemchemi ya Chemka tunayoenda kuogelea sikukuu. Ruvu inatoka upande wa mashariki wa mlima, Ziwa Jipe na Upareni. Inakutana Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ndo unaitwa Pangani, unashuka mpaka Korogwe, unapita Hale, unaenda kutokea Pangani mjini kwenye Bahari ya Hindi. Safari nzima kutoka huku juu ni kama kilomita 500. Na ofisi ya bonde la mto huu iko hapa hapa Moshi, yaani kibali cha maji kinachomgusa mvuvi wa Pangani kinaandikwa mtaa ambao sisi tunapita kwenda kununua mkate.

Sasa samaki wa baharini anakosaje maji? Anakosa maji baridi. Pale mto unapoingia baharini kuna kusukumana kila siku, bahari ikijaa inapanda mtoni, mto ukiwa na nguvu unairudisha. Mto ukipungua nguvu chumvi inapanda juu zaidi, inaingia kwenye visima na kwenye mashamba ya kingoni, na mkulima wa kule hana cha kufanya maana maji ya chumvi huwezi kuyachemsha yakawa matamu. Afu kuna kambamiti. Wakubwa wanataga baharini, lakini vitoto vyao vinaingia kwenye mikoko kwenye maji yaliyochanganyika, vinakulia humo kwa kujificha na kula, vikishakomaa vinarudi nje. Ukiukata mto umeharibu chekechea ya kamba, na samaki wengine wengi tu wanasoma chekechea hiyo hiyo. Mikoko nayo inahitaji mchanganyiko huo na tope linaloletwa na mto.

Kuna na mchanga. Bwawa lolote linakamata tope na mchanga, yanayotoka chini yake ni maji mepesi, kwa hiyo ufukwe uliokuwa unalishwa na mto unabaki na njaa. Pangani mjini bahari imekula nchi kavu mpaka ikabidi wajengewe ukuta. Ila hapa niwe mkweli, mtu akikwambia hilo lote ni kosa la mabwawa au la wakulima wa Kilimanjaro anakuongopea, kina cha bahari kinapanda dunia nzima na mikoko imekatwa na watu wa huko huko pwani. Sababu ni nyingi na zinasaidiana.

Hiyo ndo sehemu mzee kakosea, na kiukweli sheria nayo iko upande wa kamba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka maji ya kunywa na matumizi ya nyumbani kwanza, ya pili ni maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira, halafu ndo vinafuata kilimo, umeme na viwanda kwa kadri maji yalivyobaki. Yaani kwenye karatasi mkoko uko mbele ya mpunga. Waambie hivo watu pale kwenye mfereji saa tisa mchana Septemba uone.

Na sasa nije upande wa mzee, maana huu ndo watu wa semina huwa wanaupitia mbio mbio. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ambayo Mabogini imo, ilikamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani, mpunga ukakubali, watu wakapata hela, na wa juu yao walipoona mpunga unalipa wakafungua majaruba yao kwenye maji hayo hayo. Skimu ikawa haipati maji iliyopangiwa. Kwa hiyo mkulima wa Mabogini anajua vizuri sana maana ya mtu wa juu kukunyima maji, hahitaji mtaalamu kumfundisha, yeye mwenyewe ni mtu wa chini! Anachokiona ni kwamba wa juu yake hawajabanwa, lakini yeye anaambiwa aachie kwa ajili ya mtu aliye kilomita mia kadhaa ambaye hajawahi kumuona.

Afu kuna umeme. Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, New Pangani Falls 68, hayo yote yanakaa kwenye mto huu mmoja. Zamani chini ya Nyumba ya Mungu kulikuwa na mbuga kubwa ya maji ya Kirua iliyokuwa inafurika kila msimu, watu wanavua na kulisha ng'ombe, bwawa lilipojengwa mafuriko yakapungua na mbuga ikanywea. Nani aliitwa kikao siku hiyo? Mkulima akiuliza kwa nini kubana matumizi kunaanzia kwenye jembe lake wakati watumiaji wakubwa wana vibali vyao kwenye faili safi, mimi siwezi kumwambia anaropoka.

Sehemu nyingine ya kumtetea mzee ni mifereji. Kila ukienda kwenye vikao vya maji utasikia mfereji wa udongo unapoteza maji, jengea saruji. Ni kweli maji mengi yanapotelea njiani, mfongo, ule mfereji wa asili wa Kichagga, unaotembea kutoka msituni mpaka shambani hauwezi kufika na yote. Lakini swali ni yanapotelea wapi, maana hayaendi mbinguni yote. Mengine yanazama ardhini, na maji ya ardhini ya mlima huu ndo yanayoibukia chini kwenye chemchemi, kama zile za Kahe. Kwa hiyo ukisakafia mfereji wa juu na yule mkulima akatumia maji aliyookoa kuongeza ekari, umemnyima mtu wa chemchemi maji bila kujua na mto haujapata hata ndoo. Wataalamu wa maji wanalijua hili siku nyingi, ila sijui kwa nini likifika kijijini linafika kama "jengeeni saruji" basi. Mimi nadhani ni kwa sababu saruji inapigika picha.

Na barafu pia nitie neno. Watu huku tunaamini barafu ya Kilimanjaro ikiisha mito inakauka. Barafu imepungua sana, kati ya 1912 na 2007 ilipotea kama asilimia 85, lakini waliochunguza mlima kwa miaka mingi, kama mtafiti wa mimea Andreas Hemp, wameonyesha kwamba mito yetu inaishi kwa mvua na ukungu wa msituni, barafu inachangia kidogo mno. Moto unaochoma msitu wa juu ni hatari kwa mto kuliko kuyeyuka kwa kile kikofia cheupe tunachopigia selfi. Nimelitaja makusudi, kwa sababu huu ni utafiti ambao unamhusu kamba wa Pangani moja kwa moja na umefanyika juu ya paa letu, lakini kijiweni bado tunahadithiana habari ya barafu.

Hapo ndo nafika kwenye kinachonikera. Utafiti upo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu 1978, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ipo tangu 1980, na miaka ya 2000 watu wa bonde pamoja na IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, walikaa wakaupima mto huu kuanzia huku juu mpaka unapoingia baharini, wakaweka mezani ukipeleka maji zaidi kwenye kilimo inakuwaje, ukipeleka kwenye umeme inakuwaje, ukiyaacha mtoni inakuwaje, samaki wanaathirikaje na watu wanapata au wanakosa nini. Kazi ya maana sana. Ripoti zake ni mamia ya kurasa za Kiingereza. Mzee wa Mabogini kafikiwa na mstari mmoja tu wa mwisho, "punguzeni kuchota", na mstari huo ukija peke yake unafanana na amri nyingine zote alizoshawahi kupewa.

Halafu kuna suala la mradi kuisha. Tanga kuanzia 1994 kulikuwa na mpango wa vijiji kusimamia miamba yao ya matumbawe, wanakubaliana wenyewe mwamba upi ufungwe, wanapima samaki wakishirikiana na wataalamu, uvuvi wa baruti ukapungua. Mpango ukafungwa 2007, na miaka iliyofuata baruti zikasikika tena pwani. Mwaka 2015 watafiti walivuta maiki ya chini ya maji nyuma ya boti wakazunguka pwani, ndani ya kama mwezi mmoja wakanasa milipuko zaidi ya 300. Hiyo namba ndo ilisaidia kuwanyamazisha waliokuwa wanasema ni mambo ya watu wawili watatu, na baada ya hapo msako wa serikali ulipokaza milipuko ikashuka sana. Kwa hiyo siwezi kusema sayansi haisaidii, inasaidia, ila ikiondoka na gari la mradi inaacha watu pale pale.

Sehemu ilipokaa muda mrefu matunda yake ni mengine. Angalia mwani wa Zanzibar, wakulima zaidi ya 20,000 na wengi akina mama, ile aina ya kotonii yenye bei nzuri ikaanza kufa maji ya kina kifupi yalipopata joto. Dk. Flower Msuya (jina ambalo Mpare yeyote akilisikia anakaa vizuri kwenye kiti) na wenzake wakaenda na akina mama hao hao kujaribu nyavu za mrija kwenye maji ya kina kirefu. Haijamaliza tatizo, boti ni gharama na akina mama wengi hawajui kuogelea, lakini waliokuwa wanajaribu ndo hao hao waliokuwa wanalima, na kikishindikana wanajua kimeshindikana kwa nini.

Mimi binafsi nikipima, nasema mto lazima ufike baharini na maji ya kutosha, hilo sibishani nalo tena. Ninachobishania ni nani anaanza kufunga bomba. Waanze wenye vibali vikubwa, waweke mita zionekane, na vipimo vya mto vibandikwe pale kwenye banio kwa Kiswahili, wiki hii yamepita kiasi gani na yamechukuliwa na nani. Baada ya hapo ndo uje kwenye jembe. Ukianza kinyume chake utapata watu wanafungua mfereji usiku, na usiku hakuna mtafiti.

Jumamosi nilirudi tena kwa shemeji, mzee nikamkuta kwenye gogo lile lile, nikamweleza habari ya kambamiti na mikoko na chumvi, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kitu ambacho si kawaida yake. Akasema, "Sawa, nimeelewa. Kamba anataka maji baridi. Sasa na yeye zamu yake saa ngapi?"

Kabla sijajibu maji yakawa yamefika, tukashika majembe.